Mistari kwenye Kifuniko

Mimi kazi yangu ni kupika, ingawa chakula changu hakijawahi kuliwa na mtu. Napika uji wa kulishia vichipukizi vya migomba katika maabara yetu ya mimea: maji, sukari, chumvi za aina aina na kigandishi, vyote vinachemka kisha namimina kwenye chupa. Ndiyo maana kazini naitwa Mpishi. Ninayetaka kumsimulia ni Mama Wembe, aliyekaa miaka kumi na tisa katika chumba cha pili akikata vichipukizi vidogo kama punje ya mchele na kuvipanda kwenye uji wangu. 

Alikuwa mgumu, nisimpambe. Ukiingia chumbani kwake na viatu vya nje, anakutazama mpaka unajiona wewe ndiye ule ukungu unaoozesha mimea chupani. Lakini chupa zake zilikuwa safi kuliko za mtu yeyote, na kwenye rafu ya juu, karibu na taa, palikuwa na chupa alizozitazama kwa namna nyingine. Hizo zilikuwa za mgomba wa mama yake.

Ugonjwa wa mnyauko ulipoingia kwao, migomba yote ya mama yake iling'olewa na kuchomwa moto. Kabla ya hapo Mama Wembe aliwahi kuja na chipukizi moja zima, amelifunga kwenye kanga. Ndizi ya namna ile ilikuwa imeshatoweka kwa majirani wote. Ikawa imebaki kwenye chupa zetu tu, na mama yake, ambaye macho yalikuwa yameshakwenda, kila wiki anapiga simu: "Mwanangu, watoto wangu wanaendeleaje?" Hakuwa akiulizia wajukuu.

Sasa sikiliza kanuni ya kazi, maana kila kitu kinasimama hapo. Daktari wetu, daktari wa mimea lakini, alitueleza mara nyingi tukiwa tunakunywa chai. Jani haliji likiwa jani. Linaanza kama seli chache kwenye ncha ya mmea. Kila seli inagawanyika kuwa mbili, na ule ukuta mpya katikati yao una mwelekeo. Ukikaa hivi, jani linarefuka; ukikaa vile, linapanuka. Wakati ukifika seli zinaacha kugawanyika, zinatanuka tu. Zikikosea upande au zikiacha mapema, unapata kitu cha kijani lakini si jani.

Nikamuuliza zinajuaje.

"Mpishi, tungejua hilo tusingekuwa tunakunywa chai ya rangi," akasema.

Alichojua ni kwamba sisi tunazilazimisha zigawanyike kupita kawaida yake, na kila mgawanyiko ni nafasi ya kukosea. Kwa hiyo: mikato kumi, basi. Baada ya mkato wa kumi ukoo ule unafungwa, unaanza upya kwa chipukizi kutoka shambani. Daktari aliandika tarehe tu za mikato kwenye daftari lake; hesabu tuliiweka kwa mistari ya kalamu juu ya kifuniko cha chupa. Ukimaliza kukata, unapanga vifuniko vya zamani mezani, unanakili mistari kwenye vifuniko vipya na kuongeza mmoja. Ndipo vya zamani vinakuja kwangu kuchemshwa, na wino unatoka wote.

Ukungu wa msimu wa mvua ulikuwa umetuachia chupa kumi na mbili tu za mgomba ule. Daktari alikuwa amesema wazi: mashina elfu mbili yasipofikiwa kabla ya mkato wa kumi, rafu ile inapewa mmea mwingine.

Asubuhi moja Mama Wembe alikuwa amemaliza kukata. Simu ikaja kwamba mama yake ameanguka. Akatoka mbio na glavu mikononi. Nami, kiherehere changu, nikaona meza imejaa vifuniko, nikavikusanya na kuvitia sufuriani. Nilidhani namsaidia.

Alirudi alasiri. Mama yake alikuwa amevunjika nyonga, hatatembea tena. Akatazama chupa thelathini na sita zenye vifuniko vyeupe, kisha akanitazama.

"Mpishi, vilikuwa na mistari mingapi?"

Sikuwa nimetazama. Nilivizoa kama mtu anavyozoa maganda.

"Ilikuwa minne au minane?" akauliza tena.

Minane ilimaanisha kwamba mkato wa leo ni wa tisa, umebaki mmoja, na elfu mbili ni ndoto. Uso wake ulikuwa unaomba minne. Nikasema, "Minne."

Akachukua kalamu, akachora mitano kwenye kila kifuniko, taratibu.

Tukaendelea. Mkato baada ya mkato, chupa zikajaa rafu nzima, hadi vifuniko vikasoma kumi. Vichipukizi vilipotolewa kwenye chupa na kuzoeshwa udongo, vilivyopona vilikuwa elfu mbili na ushee. Daktari akatupongeza. Nilikula keki siku hiyo, na Mungu anisamehe, ilikuwa tamu.

Baada ya miezi minane shambani kwa mama yake, ukweli ukajitokeza wenyewe. Migomba ilikuwa mifupi, imeshonana juu. Majani membamba, magumu, yamejikunja kingo. Mikungu michache iliyotoka ilikuwa na vidole vitatu vitatu, vikavu. Daktari alipita mstari mmoja, wa pili, akaacha kuhesabu. Hapakuwa na chupa ya kurudia, maana zote zilitoka ukoo ule ule, na hapakuwa na chipukizi mahali popote. La kuvunda halina ubani.

Mama mzee alibebwa na kiti hadi ukingoni mwa shamba. Nikamwamkia, akaitikia, akaomba jani. Mama Wembe akamkatia. Mama mzee akalipitisha mkononi kutoka kikonyo hadi ncha, kisha akalitandika mapajani. Halikufika hata goti la pili.

"Jani la mgomba wangu nilikuwa namlazia mtoto," akasema. "Nilikulaza wewe." Akalikunja. "Hili si lake, mwanangu. Lakini umelikata vizuri."

Mama Wembe akaitikia, "Ndiyo, mama," kama mtoto aliyetumwa dukani.

Tukarudi nyuma ya gari kuchukua majembe ya kung'olea. Nilikuwa nimelibeba lile neno mwaka na nusu, na lilikuwa limeniharibia usingizi na hamu ya kula. Nikamwambia. Nikasema sikutazama vifuniko, nilisema minne kwa kumwonea huruma tu, na kama angemuuliza Daktari, ambaye tarehe za mikato yote zimo kwenye daftari lake, angepata jibu la kweli.

Akanipa jembe moja, akachukua lake.

"Nilijua hukutazama," akasema. "Ndiyo maana nilikuuliza wewe."

Tukaanza kung'oa kuanzia mstari ulio karibu na kiti cha mama yake, ambaye alikuwa bado ameshika lile jani.