Raia wa Elfu Moja na Tisa

Ilitangazwa rasmi, kwa kipaza sauti kilichofungwa juu ya lori, kwamba siku ya sikukuu ya Chama raia wote elfu moja na tisa walioandikishwa Kamina wataandamana kwa safu zilizo sawa. Kwamba kila safu itasimama mbele ya jukwaa na kupiga saluti. Na kwamba katika Zaire hakuna raia anayebaki nyuma. Ambaye delege, mjumbe wa Chama, hatamwona akipita, kazi yake atapewa mwingine.

Banza alikuwa na kazi. Kwa miaka mingi alipima samaki wakavu wa Kinkondja kwenye depo moja karibu na soko. Alibatizwa Éliézer, jina ambalo serikali ilikuwa imelifuta pamoja na majina yote ya Kikristo, na ambalo mke wake Mputu alilitumia dirisha likiwa limefungwa. Hakukuwa na mtu mzima mfupi kuliko yeye mjini, jambo ambalo halikumdhuru mpaka delege alipoamuru watu wapangwe kwa urefu.

Wakapangwa saba saba. Akabaki mmoja: Banza. Wakapangwa nane nane, akabaki Banza. Tisa tisa, kumi na mbili, kumi na nne: safu zilikaa vizuri ajabu, na Banza amesimama peke yake kwenye nyasi.

"Tena weye?" delege akauliza.

"Minyi sijatembea, citoyen délégué. Niko palepale."

"Banza njo reste, ile baki ya hesabu," askari mmoja akasema, na wake wa askari waliokuwa wakitazama wakacheka.

Akaitwa Kazadi, mwalimu wa hesabu. Aliketi chini na chaki yake, akainuka jua likiwa limesogea.

"Ile namba haigawanyike, citoyen délégué. Inakubali moja, ao yeye mwenyewe muzima. Katikati hakuna kitu."

"Inakatala?"

"Haikatale. Iko vile."

"Tangu lini?"

Kazadi akafikiri. "Mbele ya Chama kuzaliwa."

Delege aligeuka kutazama nani amesikia.

Kumtoa mmoja kulikatazwa na tangazo. Kumwongeza mmoja hakukuwezekana: idadi ilikwisha kusomwa redioni. Safu moja ya watu wote ingehitaji barabara pana zaidi. Delege aliuliza ni nyumba ngapi zingebomolewa, kisha akaliacha wazo hilo. Zikabaki safu elfu moja na tisa, za mtu mmoja mmoja. Zote sawa.

"Minyi leo niko safu muzima," Banza alimwambia Mputu asubuhi ya sikukuu.

"Safu, vua shati nipige pasi."

Kila safu ilisimama, ikapiga saluti, ikataja jina la Chama, ikangoja tarumbeta. Saa sita delege alikwenda kula. Banza, safu ya mwisho, alifika mbele ya jukwaa jioni, akapiga saluti, akaishikilia kama ilivyoamriwa. Juu, kati ya viti vitupu, mama mmoja alikuwa anakunja vitambaa vya jukwaa.

"Papa, sogea kidogo, lori ipite."

Usiku redio ilisema hakuna raia aliyebaki nyuma.

Jumatatu, kwenye depo, samaki walipimwa na mtu mwingine.