Jani Ndani ya Bakuli

Kwa miaka kumi na tisa mfagizi wa shule alikuwa na ugomvi na majani. Asubuhi anayafagia, mchana yamerudi tele uwanjani, kana kwamba yanamkomoa. Wanafunzi walimwita Mama Fagio, naye aliitika bila kinyongo.

Siku moja, wakati wa mapumziko, aliingia darasa la sita kupiga deki. Dirishani, palipopiga jua, akakuta bakuli la kioo lenye maji, na ndani yake jani bichi lililokandamizwa kwa kijiwe. Michezo ya watoto hii, akajisemea, akalibeba ili akamwage maji.

"Mama, naomba usimwage," mwalimu wa sayansi akamwambia kutoka mezani kwake. "Hilo jani linapumua."

"Mwanangu, mimi ni mtu mzima. Usinitanie."

"Njoo basi uone mwenyewe."

Mwalimu, aliyelingana umri na binti wa mwisho wa mfagizi, akalirudisha bakuli juani, akampa kioo cha kukuzia. Mfagizi akainama. Mwanzoni hakuona kitu. Kisha akayaona: mapovu madogo kama vichwa vya pini, yametanda juu ya jani zima. Moja likajiachia, likapanda taratibu, likapasuka. Likafuata jingine. Na hakuna aliyeligusa.

Akainua uso. "Yanatoka wapi haya?"

"Jani lina matundu madogo mno, macho matupu hayayaoni. Hewa hupita humo. Likipata mwanga linajitengenezea chakula, na hewa safi linaitoa nje. Ndiyo tunayovuta sisi."

"Sisi? Mimi na wewe?"

"Mimi na wewe, mama."

Kengele ikalia, watoto wakaingia. Mfagizi hakutoka. Alijibana kwenye dawati la nyuma, ndoo miguuni, akasikiliza somo zima.

Jumapili akatia jani kwenye bilauri ya maji, akaiweka barazani mbele ya mumewe, akamwambia jani hilo linapumua. Mzee huyo alikuwa amebeba mifuko ya saruji maisha yake yote, hata kifua kikachoka. Siku hizi kila pumzi aliitafuta.

"Halina hata pua," mzee akasema.

"Nyamaza utazame."

Povu la kwanza lilipopanda, mzee akavua kofia yake, akaipakata magotini. Wakakaa hivyo bega kwa bega mpaka jua likahama barazani.