Pampu ya Magunga ilikuwa inajiwasha, lawama zikaenda kwa Mama Atieno

Wakuu, salaam. Hii nimeiona kwa macho yangu, chumvi sijaongeza. Walio Homa Bay wanisute nikidanganya.

Mimi ni fundi wa electronics, na ni mtu wa shaka. Hata chai nikiletewa imefunikwa, nafunua nione.

Kuna mdosi wa Homa Bay town anafuga vifaranga vya samaki kwa kidimbwi huko Magunga. Anayevilinda ni Mama Atieno, mjane. Tulimwekea boksi ya kuendesha pampu ya kujaza maji: kitufe cha kuwasha, kitufe cha kuzima. Saketi alichora mwenzangu, Odhiambo.

Drama ikaanza. Mama akitoka kidogo, anarudi anakuta pampu inanguruma, kidimbwi kimefurika, vifaranga vimesombwa hadi kwa mahindi. Mdosi akaamua mama anaviuza halafu anasingizia maji. Akamwita mwizi mbele ya soko zima.

"Wuoda, mwanangu, sijagusa," mama akaniambia akilia. Iliniuma.

Nilimshuku Odhiambo. Nilipomuuliza kama aliipima saketi, alijibu haraka mno: "Simulation ilipita!" Yaani aliijaribu kwa kompyuta tu.

Nikamwambia afungue laptop. Saketi ni latch: geti mbili, tokeo la kila moja linarudi kuingia kwa mwenzake. Ndivyo inavyokumbuka kitufe cha mwisho. Lakini stima ikipotea, na Magunga hupotea kila mara, inasahau, na ikirudi hujui itaamkia upande gani. Software ilimwonya, ikajaza X kwa screen, yaani haijulikani. Jamaa akaona X zinamkera, akaandika mwanzo ni sifuri, yaani pampu imezimwa. Zikaisha, akaita hiyo kupita!

Tukaenda Magunga na mdosi. Mama tukamketisha mbali na boksi, asije akasemwa ameigusa. Nikazima main switch, nikawasha. Kimya. Tena, kimya. Mdosi akaanza kunitazama vibaya. Nikarudia, pampu ikanguruma yenyewe.

Tukaongeza capacitor na resistor, ili stima ikirudi pampu ianze ikiwa imezimwa. Mdosi akasema mama aendelee na kazi, yameisha.

"Hayajaisha," mama akasema. "Uliniita mwizi sokoni kwa sauti. Twende useme na hii ya pampu, sauti ile ile."

Mdosi akaanza kupapasa funguo za gari. Mama alishatangulia njiani, na sisi nyuma yake.

Wakuu, saketi ikijizunguka, usiichagulie pa kuanzia halafu uiamini. Nyinyi wa logic design, loop zenu mnazipima aje? Na mdosi wa hivi mngemfanya nini? Semeni.