Kila Jina na Mwenzake

Kabla ya kuugua nilikuwa katibu wa shule moja ya sekondari hapa Kasongo, na watu walinisifu kwa jambo moja: karatasi haikupotea mikononi mwangu. Kila kitu kilikuwa na dosie yake, yaani jalada lake, na kila dosie ilikuwa na jina lake mgongoni kwa herufi kubwa. Nyumbani nilifanya vilevile. Kabatini mwetu mlikuwa na dosie ya watoto, ya shamba, ya matibabu, ya ukoo. Mke wangu alizoea kusema kwamba siku moja nitamfunga na yeye humo ndani nimwandike mgongoni.

Kiharusi kilinikuta asubuhi nikitawadha. Birika lilinitoka mkononi. Nilitaka kumwita mke wangu, na sauti iliyotoka haikuwa neno. Hospitalini nilikaa muda mrefu. Mguu ulirudi, mkono ukarudi nusu, na maneno nayo yakaanza kurudi moja moja, yakichechemea. Majina ya watu ndiyo yaliyogoma. Jirani akija kunijulia hali, nilijua anapenda nini, alioa wapi, alinikosea nini na nikamsamehe lini. Jina lake tu ndilo sikuwa nalo.

Nilipoanza kutembea bila fimbo, binti yetu mkubwa alihitaji cheti chake cha kuzaliwa. Nikasema nitakitafuta mwenyewe. Nilifungua kabati, nikasoma migongo ya zile dosie, herufi kwa herufi, na hakuna hata moja iliyoniambia kitu. Ili ufungue dosie lazima kwanza ujue kitu unachokitaka ni cha aina gani, na ujuzi huo ulikuwa umekwenda na majina. Cheti cha mtoto ni cha watoto, cha matibabu, au cha ukoo? Nikaanza kuzitoa zote. Mke wangu aliponikuta nilikuwa nimeketi sakafuni katikati ya karatasi, nalia.

Hakuninyamazisha. Aliketi nami, akaokota picha moja.

"Hii foto iko ya siku gani?"

"Sijui."

"Viatu ulivaa hapa, vilikuwa vya nani?"

Nikaitazama. Ilikuwa siku ya ndoa yetu, na viatu vilikuwa vikubwa mno, vimejazwa vitambaa mbele. Nikacheka. Nilikuwa nimeviazima kwa shemeji yangu, mkulima wa Wamaza, kaka yake mke wangu. Na jina la shemeji likatoka mdomoni mwangu zima zima, bila kigugumizi.

"Tena," mke wangu akasema. "Yeye anakupeleka kwa nani?"

Shemeji alinipeleka shambani kwake. Shamba likanipeleka kwa mama mkwe wangu, aliyekuwa akifukuza ndege kwenye mpunga huku akiimba kwa Kibangubangu. Mama mkwe akanipeleka kwa mkunga aliyemzalisha mke wangu huko Wamaza alipojifungua binti yetu huyu, kwa kuwa mama mkwe ndiye aliyemshika mke wangu mkono. Na kutoka kwa mkunga nikakiona cheti, karatasi yenye doa la mafuta kwenye kona, nikanyoosha mkono nikakitoa chini ya rundo.

Tangu siku hiyo hatukurudisha kitu kwenye dosie. Mke wangu alishika kalamu, mimi nikasema, na nyuma ya kila karatasi tukaandika inafuatana na nini. Nilishangaa kwamba sikuwahi kufikiri hivyo, miaka yote ile ya kazi. Kwenye dosie karatasi hukaa mahali pamoja tu. Sasa cheti kimoja kilifuatana na mkunga, na barabara iliyokatika kwa mvua, na mama mkwe, na mama yangu mwenyewe, aliyesafiri kwenda Wamaza kumwona mjukuu.

Binti yetu alipoona tunavyohangaika, alipiga picha karatasi zote akazitia kwenye simu yangu. Chini ya kila picha aliandika yale maneno yetu, na ukigusa neno moja linakufungulia picha nyingine.

"Papa, humu hakuna kabati," aliniambia. "Hakuna juu, hakuna chini. Unaanzia popote, unagusa, unaenda."

Nikawa naketi na simu kila baada ya sala ya adhuhuri. Siku nyingine nilifika mbali. Siku nyingine nilikwama kwenye jina la kwanza, nikaiweka simu chini nikaenda kupalilia mihogo.

Miezi ikapita, binti huyo akapata mchumba, na watu wa mchumba wakatuma habari kwamba watakuja kutoka Nyangwe kuposa. Katika nyumba yetu baba wa binti ndiye husimama na kuutaja ukoo: anaanza na babu wa upande wake, anashuka hadi kwa ndugu zake, halafu mwishoni anasema kwa jumla, "na wajomba." Kaka yangu mkubwa, ambaye namwita yaya, alikuja kuniona kabla ya siku yenyewe.

"Acha niseme mimi," alisema. "Watu hawatakulaumu. Wanajua umegonjwa."

"Nitasema mwenyewe, yaya."

"Na ukikwama?"

"Nikikwama nitakwama."

Hakupenda. Alikunywa chai yake haraka akaondoka.

Wageni walifika alasiri. Sebule ilijaa, wanaume upande mmoja na wanawake upande mwingine. Shemeji yangu alikuwa amekuja kwa pikipiki kutoka Wamaza, akaketi karibu kabisa na mlango, kama alivyozoea kuketi kila anapokuja kwa watu wa mjini. Yaya alikaa kando yangu. Nikasimama, nikafungua mdomo kumtaja babu yangu, na babu hakuwepo. Nikangoja. Mtu mmoja akakohoa. Nilimsikia yaya akisogea kwenye kiti chake, tayari kusimama.

Ndipo macho yangu yakaangukia kwa shemeji pale mlangoni.

"Yule pale ni mjomba wa binti yetu," nikasema, nikamtaja kwa jina. "Mama yake ndiye aliyempokea binti huyu alipozaliwa." Nikamtaja mama mkwe. Nikamtaja mkunga, ambaye hakuwa ndugu wa mtu yeyote pale. Nikamtaja mama yangu, aliyefika Wamaza amelowa mvua na mjukuu akapewa jina lake. Kutoka kwa mama nikampata baba, na kwa baba nikampata babu, na babu akaniletea wengine wote, nikawataja polepole hadi nikachoka. Nikaketi.

Mzee wa Nyangwe alisema hajawahi kusikia ukoo ukianzia mlangoni. Hakusema kwa ubaya. Akamwomba shemeji yangu asogee mbele, wakabanana ili apate nafasi. Upande wa wanawake mke wangu alikuwa amejifunika uso kwa mtandio.

Posa ikakubaliwa, watu wakala pilau. Nilikuwa na furaha kama mtu aliyevuka mto uliofurika. Wageni walipokwisha kuondoka nikamuuliza yaya ameyaonaje maneno yangu.

"Umesema vizuri," alijibu huku akitafuta viatu vyake. "Mimi tu ndiye hukunitaja."

Nikadhani anatania. Nikarudia yote kichwani, jina moja moja. Kweli. Nilikuwa nimemtaja mkunga, na ndugu yangu wa tumbo moja, aliyeketi nami bega kwa bega, nikamruka. Alinipa mkono akaenda.

Jioni ya kesho yake nilimtafuta kwenye simu, nikaona kilichotokea. Alikuwemo kwenye picha moja tu ya zamani, na chini yake hapakuwa na neno lolote. Nilikuwa nimewafungamanisha watu wote niliokuwa nahofia kuwapoteza. Yeye alikuja nyumbani karibu kila siku, akaketi kwenye kiti kile kile, na haikunipitia akilini kwamba naye anaweza kupotea.

Nilikwenda kwake na simu mkononi. Nikamwomba radhi, nikamwonyesha ile picha, nikamwambia ukweli.

Aliisogeza simu karibu na macho.

"Andika baiskeli," alisema. "Nilikufundisha baiskeli, barabara ya sokoni. Ulilia."

Nikaandika.

"Andika na typhoïde yako, ile homa ya matumbo, mwaka ule baba alikuwa Kindu. Nani alikubeba mugongoni mpaka kwa hospitali ya misioni?"

"Wewe."

"Andika."

Tukaendelea hivyo, yeye akisema na mimi nikigonga herufi kwa kidole kimoja kizima. Mke wake alileta viazi vitamu vya kuchemsha, akasikiliza kidogo, akasema hiyo ya baiskeli haikuwa barabara ya sokoni hata kidogo, alikuwepo mwenyewe akaona. Yaya akakataa. Wakaanza kubishana, na nilipoondoka walikuwa bado wanabishana.