Pengo kwenye Kaiyaba

Nilikana kwa muda mrefu, hata mbele ya mdogo wangu, kwamba niliwahi kuuamini ule ua wa kaiyaba, miti ya miiba iliyozunguka boma la mama. Niliuamini. Mimi mwenye shahada mbili na miwani ya kusomea.

Mtoto wa mdogo wangu alizaliwa na tundu moyoni. Pale kliniki Nakuru daktari alisema liko kwenye septamu, na kwamba matundu mengine hujifunga yenyewe, kwa hiyo tusubiri. Tulipotoka nje mama akauliza septamu ni nini. Swali kama hilo mimi hulingoja kama wengine wanavyongoja mshahara. Nikaeleza kwamba ni ukuta mwembamba unaotenga vyumba vya moyo. Hata ule wa katikati ya pua huitwa hivyo. Nikaongeza, ingawa hakuna aliyeniuliza, kwamba neno lenyewe ni la Kilatini, na kwamba Warumi waliita hivyo ua wa kuzungushia mifugo.

"Kumbe ni fensi," mama akasema. "Si ungesema hivyo kutoka mwanzo, profesa?"

Mimi si profesa. Ni jina lake la kunichokoza.

Nyumbani kwa mama, kule Ndabibi, punda milia walikuwa wametoboa ua wa kaiyaba. Alikuwa ameshanunua mabati ya kuziba. Akayaacha, akapanda miche pale penye pengo, akawa anaimwagilia maji ya kuoshea vyombo. Pengo hilo nalo, akasema, lijifunge lenyewe. Mtoto alikuwa akinyonya kidogo, anatoka jasho, anapumzika, anajaribu tena.

Mama akipiga simu alianza na ua. "Imetoa miiba, profesa." Nilicheka, nikamwambia kaiyaba si daktari. Lakini mvua zilipoanza, aliyetangulia kuuliza ni mimi. Nilianza na miche, kisha mtoto, kwa sababu miche ndiyo iliyokuwa na habari njema.

Asubuhi moja nikisahihisha insha za wanafunzi, simu ikalia.

"Fensi inaendeleaje?" nikauliza, hata kabla ya salamu.

"Imejifunga," mama akasema. "Hata kuku hapiti."

Nikapiga meza kwa furaha.

"Keti, mama," akaniambia. Hakuwa ameniita hivyo tangu nikiwa msichana mdogo. "Mtoto wetu hakungoja."