Chupa za Kwenda Usangu

Niliuguza watoto wodini Iringa, kisha Mbeya, na kote nilikuta kuhara kunachagua. Mtoto wa Iyunga, mjini penye bomba uani, alikunywa maji ya ORS asubuhi, mchana yuko kwao. Wa Usangu, bondeni kwenye mpunga, aliletwa macho yamezama, mshipa wa kuwekea dripu hauonekani. Huko wanakunywa mfereji mmoja na ng'ombe. Hao ndio waliotujazia vitanda.

Na sisi siku ya kuwaruhusu tuliwaimbia mama zao wimbo ule ule: mpe maji safi na salama. Ayatoe wapi? Ulinichefua wimbo huo, na bado niliuimba.

Siku moja nilimkuta mama mmoja wa huko, mwanawe kapona yuko mgongoni, anajaza chupa tupu za wodini kwenye bomba letu.

"Mama, hayo yote ya nini?"

"Si umesema nimpe maji safi, sista? Ndiyo haya."

Nilimsaidia kufunga vifuniko.

Mpunga uliopandwa kwao siku zile haujaanza hata kuchanua, akarudi. Mtoto amelegea mgongoni, midomo imekauka.

"Yaliisha, sista," akasema.