Wino Usoni kwa Mama

Mwalimu wangu wa uchapaji hakuwahi kumpiga mwanafunzi. Alikuwa na karakana karibu na ziwa, mjini Bukoba, na akitaka kukuumiza alichukua kazi yako.

Kazi yenyewe ni kuchora kwa sindano juu ya bamba la shaba, kuiacha asidi ichimbe mistari, kupaka wino bamba zima, kisha kuufuta ubaki ndani ya mistari tu. Ukifuta kwa chachi, kile kitambaa chepesi chenye matundu, hadi shaba ing'ae, picha hutoka nyeupe na safi. Ukiacha utando mwembamba wa wino, hutoka na giza kama la jikoni kwenye moshi. Kwa utando huo mwalimu alikuwa hodari, na alijua hivyo.

Nilichora uso wa mama. Aliishi peke yake kijijini Nshamba na migomba yake, amekonda kwa ugonjwa ambao nyumbani hatukuutaja. Siku ya kuwaonyesha wageni kazi zetu alikuja asubuhi, amevaa gauni la kanisani na kilemba kipya. Mwalimu akampa kiti cha mbele.

Kisha akalipaka wino bamba langu, nililokuwa nimekwisha kulifuta.

"Huyu binti anampenda mama yake," aliwaambia wageni, "kwa hiyo anadanganya. Mashavu ameyang'arisha. Tazameni."

Alifuta paji la uso kwa kiganja, polepole. Machoni aliacha wino. Chini ya mashavu aliacha mwingi zaidi, akauvuta kwa chachi hadi shingoni.

"Mwalimu, naomba usifanye hivyo," nilisema.

Hakugeuka. Alilaza karatasi yenye unyevu, akazungusha gurudumu la mashine, akaibandua na kuiinua juu. Ilikuwa maiti yenye pua ya mama.

"Sasa ndiyo kweli," alisema. "Huyu anaondoka. Mwenye macho anaona."

Wageni walipiga makofi. Mama alinigeukia, akauliza kwa Kihaya, "Ni mimi?"

Mwalimu alijibu kwa Kiswahili, "Ndiyo, mama. Ni wewe."

"Waitu," mama alimwambia kwa heshima ya Kihaya, "sikujua kwamba inaonekana."

Alivuta kitenge kutoka mabegani akajifunika hadi puani, na alisafiri hivyo hadi nyumbani. Hakwenda tena kanisani. Majirani walipobisha hodi, aliwajibu akiwa ndani. Alifariki kabla ya mavuno ya kahawa, na hata mimi sikuruhusiwa kuwasha taa chumbani mwake.

Baada ya mazishi nilirudi karakanani, kwa kuwa sikujua kwingine kwenye mashine ya aina ile. Picha ile ya mama ilikuwa imetundikwa mlangoni. Nilimwomba mwalimu anipe.

"Hiyo ndiyo kazi bora iliyopata kutoka kwenye bamba lako," alisema.

"Ni mkono wako, Mwalimu. Siyo wangu."

"Vizuri kwamba umejua," alisema, akanionyesha bamba lililokuwa linasubiri nilifute.